Asali Halisi na Asali ya Kughushi: Historia Fupi ya Upimaji Wake

Utangulizi

Asali ni miongoni mwa vyakula vya kale kabisa katika nchi yetu. Kabla ya sukari ya miwa kuuzwa kwa ratili katika maduka ya vijijini, asali ndiyo iliyokuwa utamu mkuu wa watu wa bara. Ilitiwa katika uji wa mgonjwa, ilipakwa juu ya kidonda, ilitengenezewa pombe ya wanzuki, na katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki ilikuwa sehemu ya mahari na ya matambiko. Lugha yetu yenyewe inashuhudia jambo hili. Mhenga aliyesema "Fuata nyuki ule asali" alitaka kufundisha juu ya kuchagua uongozi na urafiki, na yule aliyesema "Mchovya asali hachovyi mara moja" alitaka kufundisha juu ya tamaa. Lakini wote wawili walichukua mfano wao katika kitu ambacho kila msikilizaji alikijua kwa ulimi wake.

Penye tamaa hapakosi hila. Kitu chenye thamani, nacho kimo ndani ya chombo, hakionyeshi asili yake kwa macho matupu. Basi mlaghai hupata nafasi. Huongeza maji, huongeza shira ya sukari, au huuza shira tupu iliyotiwa rangi na kuiita asali. Zamani tuliita tendo hilo kughushi. Siku hizi vijana husema kuchakachua. Jina limebadilika, dhambi ni ile ile.

Shabaha ya insha hii ni kueleza jinsi wanadamu walivyojaribu kutofautisha asali halisi na ya kughushi, tangu vipimo vya wazee wetu hadi chombo cha kisasa kinachotumia mwanga usioonekana kwa macho. Tutaona kwamba historia hiyo ni mashindano ya muda mrefu kati ya mpimaji na mlaghai. Tena tutaona jambo la pili, ambalo huenda ni zito zaidi: kwamba kila kipimo kilichobuniwa kiliweza kumtia hatiani mwongo, na vile vile kiliweza kumtia hatiani mtu mwaminifu ambaye asali yake haikujulikana na waliokibuni. Jambo hili latuhusu sana sisi wenye misitu ya miombo.

Asali ni kitu gani

Hapana budi tuanze na asali yenyewe. Nyuki hufyonza mbochi katika maua, na ndani ya mbochi huo mna maji mengi pamoja na sukari, hasa ile iitwayo sukrosi. Nyuki huuchanganya na vimeng'enya vya mwilini mwake, navyo huivunja sukrosi kuwa sukari mbili nyepesi zaidi: glukosi na fruktosi. Kisha nyuki wa mzingani hupepea kwa mbawa zao hata maji yapungue, na masega yakiwa tayari huyaziba kwa nta. Asali iliyokomaa huwa na maji kiasi cha asilimia 17 hadi 20. Fruktosi huwa karibu asilimia 38, na glukosi karibu asilimia 31. Sehemu ndogo iliyobaki ina sukari nyingine, asidi, madini, protini, chavua, na vitu vinavyoipa kila asali rangi na harufu yake.

Msomaji aone tangu hapa ugumu wa kazi ya mpimaji. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za asali ni maji na sukari, na vitu hivyo hupatikana kwa urahisi nje ya mzinga. Mlaghai hahitaji kuleta kitu kigeni kama mchanga katika mchele. Huleta vitu vile vile ambavyo nyuki alivitia, ila kwa bei ndogo.

Vipimo vya wazee

Katika nchi ya Unyamwezi, na pande zote za miombo kuanzia Singida na Tabora hadi Katavi na Kigoma, ufugaji wa nyuki ni kazi ya kale. Mizinga ilitengenezwa kwa magogo yaliyochimbwa na kwa magome ya miti, ikatundikwa juu ya matawi marefu, na kila mwenye mizinga alikuwa na alama yake. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi walifuata, na wengine bado wanafuata, ndege mdogo anayewaita watu kwa sauti yake na kuwaongoza hadi penye kiota cha nyuki. Nta ya nchi hii ilikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje wakati wa utawala wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza.

Katika maisha ya namna hiyo kipimo cha kwanza cha asali kilikuwa ni mtu mwenyewe. Mnunuzi alimjua mrina asali, alijua msitu wake, na aghalabu alinunua asali pamoja na masega yake. Mrina alionja, akajua kwa harufu na rangi mti gani ulikuwa umechanua, na kama asali ilivunwa mapema kabla nyuki hawajaiziba. Elimu hii ilikuwa ya kweli, na haifai kudharauliwa. Lakini ilikuwa na mipaka: ilifaa pale ambapo muuzaji na mnunuzi walikutana ana kwa ana. Asali ilipoanza kupita mikononi mwa watu wengi, kutoka kijijini hadi mnadani, na kutoka mnadani hadi mjini, ulimi wa mrina haukuweza kusafiri pamoja na debe.

Ndipo zilipoenea mbinu ambazo hata leo tunaziona sokoni. Muuzaji hudondosha asali katika bilauri ya maji. Ikizama bila kutawanyika, husema ni safi. Mwingine huchovya kijiti cha kiberiti katika asali kisha hukiwasha. Kikiwaka, asali imesifiwa. Wengine huiangusha juu ya karatasi au kitambaa watazame kama italowesha, au huiacha karibu na sisimizi.

Yafaa mwalimu na wanafunzi wake wazichunguze mbinu hizi kwa akili ya sayansi, badala ya kuziamini au kuzicheka. Tone linalozama bila kutawanyika laonyesha kwamba kitu hicho ni kizito na chanata. Shira ya sukari iliyochemshwa hata ikawa nzito huzama vivyo hivyo. Kiberiti kinachowaka kinaonyesha kwamba maji ni machache. Shira nzito pia ina maji machache. Sisimizi huvutwa na sukari, wala haulizi imetoka wapi. Kwa hiyo mbinu zote hizi hupima unyevu na uzito tu. Zinaweza kumshika mlaghai mvivu aliyeongeza maji, lakini mlaghai hodari hupita bila kutikiswa. Darasa lenye asali kidogo, sukari, sufuria na moto linaweza kuthibitisha hayo kwa saa moja.

Kuna kosa jingine linalowaumiza wauzaji waaminifu. Wanunuzi wengi wanapoiona asali imeganda na kufanya chembechembe nyeupe, husema imetiwa sukari. Kumbe kuganda ni tabia ya asali yenyewe: glukosi iliyomo hujitenga na kuwa fuwele, hasa penye baridi. Asali zenye glukosi nyingi huganda upesi, na zenye fruktosi nyingi hukawia. Asali halisi imerudishwa sokoni mara ngapi kwa kosa hili, na shira isiyoganda ikanunuliwa mahali pake!

Wanakemia waingia uwanjani

Ama huko Ulaya na Marekani, karne ya kumi na tisa ilikuwa karne ya viwanda, na pia ilikuwa karne ya kughushi vyakula. Mwaka 1820 mwanakemia Frederick Accum alichapisha mjini London kitabu kilichofichua hila za wauza vyakula. Katika miaka ya 1850 daktari Arthur Hill Hassall alitumia hadubini kuchunguza vyakula vya madukani, na kazi yake ilisaidia kuleta sheria ya Uingereza ya mwaka 1860 dhidi ya kughushi vyakula, ya kwanza ya namna yake nchini humo.

Kwa upande wa asali, mambo mawili yaliongeza hatari. La kwanza, mwaka 1811 mwanakemia Kirchhoff, huko St. Petersburg, aligundua kwamba wanga ukichemshwa na asidi hugeuka kuwa shira tamu. Kwa hiyo shira ya bei nafuu ingeweza kutengenezwa kwa viazi au mahindi. La pili, mwaka 1865 Franz von Hruschka alibuni mashine ya kukamua masega kwa kuyazungusha. Asali ya majimaji iliyotengwa na masega ikawa nyingi, na asali isiyo na sega haina shahidi.

Wanakemia walijibu kwa kutumia mwanga. Mwaka 1815 Mfaransa Jean-Baptiste Biot alikuwa amegundua kwamba vimiminika fulani hupindua mwanga uliochujwa ili mawimbi yake yaelekee upande mmoja. Sukari ya miwa huupindua kulia, na shira ya wanga kulia pia. Lakini asali, kwa sababu ya wingi wa fruktosi, kwa kawaida huupindua kushoto. Basi asali iliyopindua mwanga kulia ilishukiwa. Kipimo kilikuwa kizuri, ila kilikuwa na aibu yake. Iko asali ambayo nyuki huitengeneza kutokana na utomvu mtamu unaoachwa na wadudu juu ya majani, badala ya mbochi wa maua. Asali hiyo ni halali kabisa, tena hupendwa sana katika misitu ya Ulaya. Lakini hupindua mwanga kulia. Aliyeipima kwa kanuni ya asali ya maua aliweza kumwita mfugaji mwaminifu kuwa ni mwizi.

Huko Marekani kilitokea kisa kinachofaa kukumbukwa na kila mtaalamu. Mwaka 1881 mwanakemia Harvey Wiley aliandika katika jarida kwamba asali ya masega ilikuwa ikitengenezwa kwa mashine: masega ya nta ya parafini, yakajazwa shira ya glukosi. Baadaye alisema kwamba ulikuwa mzaha tu. Lakini magazeti yalikwisha kuueneza, na wafugaji wa nyuki wakasumbuliwa miaka mingi na neno hilo. Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya nyuki aliahidi zawadi ya dola 1,000 kwa yeyote atakayeleta asali ya sega iliyotengenezwa na binadamu, na hakuna aliyeichukua. Wiley huyo huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa wanakemia wa Wizara ya Kilimo na mpiganaji wa sheria ya vyakula safi iliyopitishwa mwaka 1906. Kwa hiyo mtu mmoja aliwatetea wafugaji kwa sheria baada ya kuwaumiza kwa mzaha. Neno la mtaalamu ni kama mshale: likiisha kutoka, halirudi podoni.

Walaghai nao hawakulala. Walijifunza kuivunja sukari ya miwa kwa asidi na moto, ikawa glukosi na fruktosi kama katika asali, nayo ikapindua mwanga kushoto. Kipimo cha mwanga kikapofuka. Mwaka 1908 Mjerumani Fiehe akatoa jibu. Sukari inapopashwa moto pamoja na asidi hutokea dutu ambayo kwa kifupi huitwa HMF. Fiehe alionyesha kwamba dutu hiyo ikikutana na kemikali ya resosinoli huleta rangi nyekundu kama tunda lililoiva. Shira ya kiwandani ikajitangaza yenyewe.

Hapa tena tuangalie upande wa mwaminifu. HMF hutokea pia katika asali halisi iliyochemshwa, au iliyokaa muda mrefu mahali penye joto. Asali ya nchi za joto, hata ikitunzwa vizuri, hupata HMF upesi kuliko asali ya nchi za baridi. Ndiyo sababu kiwango cha kimataifa cha Codex, kilichotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa baadaye, kinaweka kikomo cha miligramu 40 kwa kilo, lakini kinaruhusu miligramu 80 kwa asali iliyotajwa kuwa imetoka katika nchi za joto. Tofauti hiyo ni kukiri kwamba jua la Tabora si jua la Ulaya ya Kaskazini. Hata hivyo mfugaji asiifanye kuwa kisingizio cha kuchemsha masega katika sufuria: asali ya namna hiyo si ya kughushi, lakini imeharibiwa.

Ushahidi wa kaboni

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sayansi ya vimeng'enya ilikua, na katika miaka ya 1960 viwanda vilianza kutengeneza shira ya mahindi yenye fruktosi nyingi. Kufikia miaka ya 1970 shira hiyo ilikuwa tele Marekani. Uwiano wake wa glukosi na fruktosi ulikaribia ule wa asali. Haikutengenezwa kwa kuivunja sukari katika asidi kali. Na bei yake ilikuwa ndogo. Vipimo vya zamani vilishindwa kimoja baada ya kingine.

Jibu lilitoka mahali pasipotazamiwa, nalo ni namna mimea inavyokula hewa. Kaboni iliyomo hewani ni ya aina mbili zilizo imara: kaboni 12 iliyo nyingi, na kaboni 13 iliyo nzito kidogo na adimu. Mahindi na miwa ni ya kundi la mimea ambayo huchukua kaboni nzito kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko miti na maua mengi ambayo nyuki huyatembelea. Mwaka 1977 na 1978 Landis Doner na Jonathan White, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walionyesha kwamba asali za sehemu mbalimbali hufanana sana katika uwiano wa kaboni hizo: huwa karibu sehemu 25 kwa elfu chini ya kipimo cha rejea. Shira ya mahindi huwa karibu sehemu 10 tu chini yake. Basi asali iliyotiwa shira ya mahindi au ya miwa hubeba ndani yake ushahidi ambao hakuna jiko linaloweza kuufuta. Baadaye kipimo kiliboreshwa kwa kulinganisha kaboni ya asali na kaboni ya protini iliyomo katika asali hiyo hiyo, ili kila asali iwe shahidi wa nafsi yake.

Lakini mpunga, ngano na kiazisukari si wa kundi la mahindi. Kaboni yao yafanana na ile ya maua. Mlaghai alipolijua hilo, aliacha shira ya mahindi akachukua ya mpunga. Matokeo yake yalionekana wazi mwaka 2023, Tume ya Ulaya ilipotangaza uchunguzi wa sampuli 320 za asali zilizoingizwa katika nchi zake kutoka nje. Sampuli 147, yaani asilimia 46, zilishukiwa kuwa zimetiwa shira. Kushukiwa si kuthibitishwa; lakini idadi hiyo yatosha kuonyesha kwamba kipimo cha kaboni peke yake hakikidhi haja tena.

Mwanga usioonekana

Sasa tufike kwenye chombo cha kisasa. Mwaka 1800 mwanafalaki William Herschel, akiishi Uingereza, alipitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo ukagawanyika katika rangi za upinde wa mvua. Aliweka vipimajoto katika kila rangi. Kipimajoto alichokiweka nje ya rangi nyekundu, mahali ambapo macho hayakuona kitu, kilipanda zaidi. Hivyo alitambua kwamba jua lina mionzi isiyoonekana, ambayo leo huitwa infraredi. Sehemu yake iliyo jirani na rangi nyekundu, yenye mawimbi ya urefu wa nanomita 780 hivi hadi 2,500, huitwa infraredi ya karibu.

Kwa muda mrefu sehemu hiyo haikuthaminiwa na wanakemia, kwa kuwa alama zake zilikuwa hafifu na zilizopandana. Aliyeigeuza kuwa zana ya kazi ni mhandisi Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, huko Beltsville. Katika miaka ya 1960 aliitumia kupima maji yaliyomo katika nafaka, kisha protini na mafuta, bila kusaga maabara nzima ya kemikali kwa kila gunia. Baadaye watafiti wa nchi mbalimbali waliielekeza kwenye asali. Miongoni mwao ni watafiti wa Ireland, ambao mwaka 2003 walieleza jinsi mionzi hiyo ilivyoweza kutambua asali iliyoongezwa fruktosi na glukosi.

Kazi yake ni hii. Atomu ndani ya molekuli hazikutulia. Zimeungana kama kwa chemchemi, nazo hutikisika. Muungano wa oksijeni na haidrojeni, kama ule ulio katika maji na sukari, na ule wa kaboni na haidrojeni, kila mmoja hunyonya mawimbi ya urefu wake. Maji, kwa mfano, hunyonya sana penye nanomita 1,450 na penye 1,940. Tukipitisha mionzi katika tabaka jembamba la asali na kupima kiasi kilichobaki kwa kila urefu wa wimbi, tutapata mchoro wa vilima na mabonde. Kazi hiyo huchukua dakika chache, haihitaji kemikali, wala haiharibu sampuli. Asali iliyoganda hupashwa joto kidogo kwanza ili fuwele ziyeyuke, na joto la kipimo halina budi kuwa moja, kwa sababu alama za maji hubadilika joto linapobadilika.

Je, mchoro huo husema "hii ni asali" au "hii ni shira"? Hausemi hivyo hata kidogo. Michoro ya asali na shira hufanana kama ndugu mapacha, maana vyote ni maji na sukari. Tofauti ni ndogo na zimetawanyika katika mchoro mzima. Ndiyo maana chombo hiki hakina maana bila hesabu. Watafiti hukusanya sampuli nyingi za asali ambazo asili yake imethibitishwa, huongeza shira kwa viwango vinavyojulikana katika baadhi yake, kisha huifundisha kompyuta kutambua mpangilio wa kila kundi. Ni kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Akiisha kusoma kazi za wanafunzi wake mwaka mzima, huutambua mwandiko wa kila mmoja hata jina lisipoandikwa, na akiona mkono mwingine umeingia hushituka. Lakini mwalimu huyo huyo akipewa daftari la shule ya mbali, hawezi kusema lolote ila kwamba mwandiko huu ni mgeni kwake.

Mgeni si mwongo

Hapa ndipo penye kiini cha insha hii. Mashine ya mwanga inajua asali ilizofundishwa tu. Ikiwa imefundishwa kwa asali nyeupe za mashamba ya Ulaya, halafu ikaletewa asali nyeusi ya miombo ya Tabora, asali ya vichaka vya Itigi, au asali ya mikoko ya pwani, itaona ugeni. Na mpimaji asiye na hadhari anaweza kuuandika ugeni huo kuwa ni uongo.

Tuchukue mfano wa asali ya nyuki wadogo wasiouma. Watu wetu huithamini kuliko asali ya kawaida, na huitumia kama dawa. Asali hiyo kwa asili yake ina maji mengi zaidi, aghalabu kupita asilimia 25, nayo ina uchachu wake. Kiwango cha kimataifa, kilichoandikwa kwa kuwafikiria nyuki wakubwa, kinataka maji yasizidi asilimia 20. Mtu akiipima asali ya nyuki wadogo kwa kanuni hiyo ataitupa, ingawa ni halisi tangu tone la kwanza hadi la mwisho. Aliyeijua kwa ulimi alikuwa sahihi. Aliyeipima kwa kanuni ya kigeni alikosea.

Nchi yetu haikukaa bila sheria wala vyombo. Shirika la Viwango Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ilitolewa mwaka 1998, na Sheria ya Ufugaji Nyuki ikafuata mwaka 2002. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa vyakula imekuwa chini ya Shirika hilo la Viwango. Kinachohitajika kuandamana na sheria ni maktaba ya asali zetu wenyewe: sampuli zilizochukuliwa mzingani mbele ya mashahidi, zikaandikwa wilaya, msimu, aina ya nyuki na miti iliyokuwa ikichanua. Na nani ajuaye miti hiyo na majira yake kuliko mrina asali mwenyewe? Mashine haitauondoa ujuzi wake. Mashine inauhitaji ili ifundishwe.

Tena si suala la biashara peke yake. Debe moja la shira likiuzwa kwa jina la asali hushusha bei ya asali zote, na huwafanya wanunuzi wa mbali wasiamini jina la mkoa mzima. Mfugaji akikosa soko hushuka mtini, na msitu aliokuwa akiulinda kwa sababu ya mizinga yake hubaki bila mlinzi, tayari kwa shoka la mkaa na la kukaushia tumbaku. Uongo unaofanywa chupani huishia kuangusha miti.

Hitimisho

Tumeona jinsi maji na kiberiti vilivyoshindwa na shira nzito, mzunguko wa mwanga ukashindwa na asidi, rangi ya Fiehe ikashindwa na vimeng'enya, na kaboni ikashindwa na mpunga. Mwanga usioonekana nao hautakuwa kipimo cha mwisho. Ni zana ya kuchuja haraka, inayotenga asali za kushukiwa ili zipelekwe kwenye vipimo vizito zaidi. Hukumu haifai kutolewa kwa mchoro mmoja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na kila kizazi cha wapimaji kimeifupisha zaidi.

Mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya uhuru, nchi hii iliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, kwa imani kwamba utamaduni ni roho ya taifa. Ngoma na mashairi ni sehemu ya utamaduni huo. Ujuzi wa kutengeneza mzinga, kujua mwezi wa kuchanua kwa mti, na kutambua asali ya msitu fulani kwa harufu yake ni sehemu yake pia. Mwanafunzi anayejifunza fizikia ya mwanga shuleni na babu yake anayejua miti kwa majina hawana ugomvi wowote. Kila mmoja anashika nusu ya kipimo, na asali yetu itapimwa kwa haki siku nusu hizo zitakapokutana.